Mguu Uwanjani, Akili Jikoni

Wiki iliyopita niliwaacha pabaya. Mpira ulikuwa hewani, mimi nimefumba macho, na mke wa mchungaji alikuwa ameketi chini ya mwavuli wake anamenya chungwa, hana habari na dunia.

Basi mpira haukupita katikati ya nguzo. Ulipita katikati ya mwavuli.

Kwa aliyejiunga nasi leo: mimi ni Sakiusa wa kijiji cha Nasavu, mpigaji mikwaju wa timu yetu ya raga, na nina ugonjwa ambao zahanati haina dawa yake. Mazoezini napiga mpira hata kwa kisigino unapita. Siku ya mechi, nikishauweka juu ya kifuu cha nazi, nikarudi nyuma hatua zangu, nikavuta pumzi, akili inaniaga. Inaondoka zake. Mguu unabaki uwanjani, akili inakwenda kuangalia kama mihogo imeungua.

Msidhani natia chumvi. Siku ya mwavuli niliwaza mihogo kweli. Niliona kabisa moshi unatoka kwenye sufuria. Nilipofika nyumbani nikakuta mihogo yenyewe haijamenywa.

Na haya yote yalitokea mbele ya Bwana Kaminieli, mteuzi wa timu ya mkoa. Anatafuta mpigaji mmoja wa kwenda naye Suva, mji mkuu. Mmoja tu. Pwani nzima hii, kila kijana mwenye mguu anaiota nafasi hiyo, na mimi nimeiota tangu nikiwa navaa kaptula ya shule iliyochanika matakoni.

Bwana Kaminieli aliutazama mwavuli, akanitazama mimi.

"Kijana," akasema, "mguu wako naupenda. Huyo uliyekuja naye kichwani ndiye nisiyemwelewa. Jumamosi nitapita tena. Ndiyo mara ya mwisho."

Nikarudi nyumbani kichwa chini. Huko nikakuta baraza la matibabu limeshakaa.

"Ni uzembe tu," alisema Mjomba Inoke. Mjomba ndiye kocha wetu. Alicheza raga enzi zake mpaka sikio lake moja likawa kama uyoga, na anaamini hakuna ugonjwa usiotibika kwa kukimbia mlimani. "Kesho utapanda mlima."

"Mjomba, nimeupanda jana."

"Utapanda tena."

"Akili ndiyo inayokimbia, si mimi!"

"Basi upande nayo."

Kisha akanipa dawa yake ya pili. Akanishika mabega, akanikazia macho, akasema, "Sikiliza. Ukiwa unapiga, usifikirie mihogo. Umenielewa? Mihogo, marufuku."

Jamani. Toka dakika ile niliwaza mihogo asubuhi, niliwaza mihogo kanisani, niliwaza mihogo hata nikiwa nakula magimbi.

Bibi yangu Akosita alikuwa pembeni anasuka mkeka. Bibi ndiye aliyenilea, na huwa haingilii mambo ya raga ila pale anapoona wanaume wameshindwa, yaani kila siku.

"Inakwenda wapi?" akauliza.

"Nini, Bibi?"

"Hiyo akili yako. Ikitoka uwanjani inaelekea wapi? Kwa wasichana?"

"Ingekuwa inakwenda kwa wasichana ningelalamika? Inakuja hapa. Jikoni kwako."

Bibi akaweka mkeka chini ili acheke vizuri. "Masikini mjukuu wangu! Mwili wa fahali, akili ya bikizee."

"Mama, usimcheke," Mjomba akasema. "Suva inatuponyoka hii."

"Sikia, Inoke. Mtu akiwa safarini anahangaika kwa sababu hajui nyumbani kukoje. Ukimpelekea habari, anatulia. Jumamosi nitakaa mstarini. Kabla mtoto hajapiga, nitampa habari za nyumbani. Akili yake ikishajua kila kitu kiko salama, itakuja kufuata nini?"

Mjomba akakuna lile sikio la uyoga. Nikapanda mlima kama kawaida.

Jumamosi ikafika, na wapinzani wetu walikuwa Vunidilo.

Hapo ndipo mkosi ulipoanza, maana Vunidilo ni watani wetu. Mababu wetu wa kale walikuwa ndugu, na tangu hapo mtu wa Vunidilo hana mpaka kwetu, wala sisi kwao. Akikutukana, unacheka. Akipenda kitu chako, anasema nimekipenda, na wewe unasema chukua. Kujiokoa kuna njia moja tu: hapo hapo, kabla hajakishika, umwombe wewe kitu kikubwa zaidi. Ukichelewa, kimekwenda.

Walishuka kwenye lori wanaimba. Na kila mmoja wao, wanaume kwa wanawake, alikuwa na mwavuli.

"Mpigaji yuko wapi?" wakapaza sauti. "Tumekuja kwa tahadhari!"

Wakaenda kujipanga nyuma ya nguzo, wakaifungua miavuli yote kwa pamoja. Jua kali, wingu hakuna hata la dawa. Mke wa mchungaji mwenyewe alicheka mpaka akaegemea mnazi.

Mbele yao alikuwa Vereniki. Nahodha wao, mpigaji wao, na mtu aliyeitaka Suva kama mimi. Mrefu, meno yote nje, mikono haitulii. Kabla mechi haijaanza alikuwa ameshampora Mjomba Inoke kofia yake ya ukocha.

"Mtani, kofia nimeipenda."

"Chu... chukua," Mjomba akasema, maana hakuwahi kufikiria la kuomba.

Kisha akamfuata Bibi. "Bibi, huu mkeka uliokalia nimeupenda sana."

"Chukua, mjukuu wangu," Bibi akajibu bila kuinua macho. "Na mimi nimeyapenda hayo meno. Yang'oe uniachie hapo, kuna nyama ngumu jioni."

Vereniki akafunga mdomo, akauacha mkeka. Watu wakapiga kelele. Bibi akanikonyeza: umeona? Ndivyo inavyofanywa.

Mchungaji akatuombea, akaombea pia miavuli, mpira ukaanza.

Adhabu ya kwanza tukapata sisi. Nikaweka kifuu, nikaweka mpira juu yake, nikarudi nyuma. Nikaisikia akili yangu inavaa kandambili, inatafuta mlango.

"Saki!" Ilikuwa sauti ya Bibi. "Sufuria nimeepua!"

Watu wakageuka.

"Moto nimeuzima! Kuku wako bandani! Nguo nimeanua! Nguruwe nimemfunga kamba mpya!"

Naapa, akili ilifika mpaka uani kwetu, ikaangalia huku na huku, ikakosa kazi. Ikarudi. Nikapiga. Mpira ukapita juu ya miavuli kama ndege aliyechelewa kwake.

Adhabu ya pili, hivyo hivyo. Sufuria, moto, kuku, nguo, nguruwe. Mpira, katikati.

"Refa!" Vunidilo wakalalamika. "Yule bibi anacheza!"

"Hana jezi," refa akasema.

"Basi mvalishe tumkabe!"

Nilimwona Bwana Kaminieli anatabasamu. Mimi kichwa kikavimba. Nikaanza kuwaza Suva, nikawaza nitashuka vipi kwenye basi, mguu gani utangulie. Mnaona? Ugonjwa ule ule, ila umevaa tai.

Wakati wa mapumziko, mchezaji wao mmoja wa akiba alikatiza kuelekea upande wa nyumba zetu. Nikadhani anakwenda kunywa maji. Mtu mwingine angejiuliza, maana maji yalikuwa pale pale uwanjani.

Kipindi cha pili Vereniki akaanza kupiga yeye. Yule jamaa hana jikoni kichwani. Anapiga huku anaongea, mpira unapita, anaendelea na sentensi yake. Pointi zikakaribiana. Tukapata adhabu nyingine, nzuri, mbele ya nguzo kabisa.

Nikapanga kifuu changu. Bibi akasimama.

"Saki! Sufuria nimeepua! Moto nimeuzima! Kuku wako bandani! Nguo nimeanua! Nguruwe nime..."

Vereniki alikuwa amesimama upande wangu wa kushoto. Aliinua tu jezi yake kidogo, kama mtu anayejipepea.

Kiunoni alikuwa amejifunga kamba. Kamba ya buluu. Mpya.

Bibi akaijua kamba yake.

Nguruwe yule, ndugu zangu, si wa kuchezewa. Bibi amemlea tangu ana ukubwa wa kiatu. Ndiye wa karamu ya kuezeka kanisa, na alishatangazwa mbele ya waumini wote kama bwana harusi. Nikapiga. Mpira ukaondoka kwenda kumtafuta nguruwe. Mpaka leo sijui ulitua wapi, nasikia waliuokota mtoni.

"Umemfanya nini nguruwe?" nikamnong'oneza Vereniki.

"Nguruwe gani?" Meno yote nje. "Cheza raga, mtani. Lakini nikuulize, magimbi yenu huwa mnayafukia kwenye tanuri pamoja na nyama, au mnatanguliza nyama?"

Toka hapo sikuwa uwanjani. Nilidaka mpira kwa kifua, nikamkaba mtu wa timu yangu, nikampa refa pasi. Vunidilo wakatupita kwa pointi mbili. Mjomba alikuwa anazunguka mstarini na kichwa wazi, anatafuta kofia ya kuvua.

Na dakika za mwisho kabisa, kwa rehema tu, mtu wao akaanguka juu ya mpira na kugoma kuamka. Refa akapuliza. Adhabu yetu.

Ukipita, tumeshinda, na Suva ni yangu. Usipopita, nitapiga mabalungi ufukweni na watoto mpaka nitakapoota mvi. Bwana Kaminieli alikuwa amesimama wima.

"Kifuu!" Mjomba akafoka. "Tazama kifuu! Usiwaze kitu! Kifuu!"

Nikatazama kifuu. Ndani ya kifuu nikaona tanuri la ardhini, mawe mekundu, majani ya mgomba, na nguruwe wa kanisa amelala katikati ya magimbi, ananitazama kwa masikitiko.

"Mtani," sauti ikasema karibu yangu.

"Mm."

"Hicho kiatu cha kulia nimekipenda."

"Chukua," nikasema.

Nilizinduka nikamkuta Vereniki amepiga magoti, anafungua kamba za kiatu changu kwa adabu kubwa.

Uwanja ulilipuka. Miavuli ilirushwa juu. Mjomba Inoke alikaa chini.

"We! Rudi nyuma!" Refa akaja mbio. "Unamfanya nini mpigaji?"

"Refa, amenipa."

"Umempa?"

"Nimempa," nikasema, kwa sauti ya mtu aliye kizimbani.

Refa akanitazama kwa huruma. Naye ana watani wake, anajua. "Mimi nachezesha raga," akasema, "mila zenu sizichezeshi. Piga, muda unakwenda."

Nikabaki na kiatu cha kushoto. Mguu wa kulia ukagusa majani, laini, yanatekenya. Na mguu, sijui niseme vipi, ukachangamka. Ulikuwa haujagusa mpira bila kiatu tangu nikiwa darasa la nne, tulipokuwa tunapiga mabalungi mabichi ufukweni, na hakuna mtu aliyetuhesabia lililopita na lililokosa.

Akili ikaniaga kama kawaida yake. Ikasema, nguruwe.

Siku zote huwa naikamata shati. Naivuta, nayo inavuta, tunaanguka wote wawili mbele ya mpira. Safari hii nikachoka. Nikaiambia, nenda. Kamtafute nguruwe wako, mimi nina kazi hapa.

Ikaenda. Na kwa mara ya kwanza sikuifuata.

Nikapiga. Sikufumba macho. Mguu uliuma kweli, dole gumba mpaka leo lina rangi ya biringanya, lakini mpira ulikwenda, ukakwenda, ukapita juu ya miavuli yote, na wenye miavuli wenyewe wakainua vichwa kuutazama kama watu wanaotazama mvua inaanza.

Tumeshinda!

Sikumbuki vizuri yaliyofuata. Najua nilibebwa. Najua Mjomba alinibusu kwenye sikio na kuniambia ni mlima ule, ni ule mlima. Kisha watu wakapisha njia, Bwana Kaminieli akanipa mkono.

"Jumatatu asubuhi, basi la Suva," akasema. "Nafasi ni yako. Uje na viatu viwili."

Nilitaka kulia. Bibi alinitangulia.

Jioni ile tukakaa kwenye mikeka, washindi na walioshindwa, bakuli la yaqona, mizizi iliyotwangwa na kukamuliwa, katikati. Kinywaji kinazunguka kwenye kifuu, mtu anapokea, anakunywa kwa mkupuo, sote tunapiga makofi matatu, kifuu kinakwenda kwa mwingine. Vereniki alikuwa amekaa mbele yangu, kulia amevaa kiatu changu, kushoto chake, na kofia ya Mjomba kichwani. Hakuwa na kinyongo hata chembe. Ndiyo maana huwezi kumchukia yule mtu.

"Sasa, mjukuu," Bibi akamwambia. "Mmetucheka, mmeshindwa, mmeshiba. Nguruwe wangu yuko wapi?"

"Bibi! Tumwogope Mungu. Nguruwe wa kanisa tumle?" Vereniki akaifungua kamba kiunoni, akamrudishia kwa mikono miwili. "Tulichukua kamba tu."

Watu wakacheka. Bibi akacheka. Nikacheka na mimi, moyo mweupe.

Kisha Bibi akaacha kucheka.

"Kamba tu?"

"Kamba tu, Bibi."

"Na nguruwe?"

"Tulimwacha pale pale."

"Bila kamba."

Vereniki akafikiri kidogo. "Ee," akasema. "Bila kamba."

Nyuma ya nyumba yetu, hatua chache kutoka alipofungwa nguruwe, ndipo lilipo shamba la mihogo. Mihogo ya msimu mzima, imekomaa, inasubiri kung'olewa.

Mwili wangu ulibaki pale kwenye mkeka, umekunja miguu vizuri, mbele ya wageni. Akili ilisimama, ikavaa kandambili zake, ikaondoka. Ikafika shambani. Ikaona shina la kwanza limelala. La pili limelala. Ikasikia mtafuno. Ikaanza kufuata mtafuno ule, tuta kwa tuta, kwa kunyata.

Huko mbali sana, nyuma yangu, mtu akasema, "Mtani."

"Mm."

"Hiyo nafasi ya Suva nimeipenda."

Walioshuhudia wanasema Vereniki alikuwa anacheka alipoisema. Wanasema alikuwa ameshaziba mdomo kwa kiganja, analinda meno, anangoja nimwombe lori lao, au nyumba yao, au mama yake mzazi. Bakuli zima lilikuwa linangoja nijibu, tayari kucheka. Mtoto mdogo angejua la kujibu.

Mimi nilikuwa tuta la tatu la mihogo.

"Chukua," nikasema.

Nilirudi kwa sababu ya ukimya. Nikaona nyuso zote zinatazama mdomo wangu, nikajua kuna kitu kimetoka humo.

Vereniki akashusha kiganja. Meno hayakuonekana.

"Mtani," akasema polepole, "mimi nilikuwa natania."

"Saki, lirudishe!" Mjomba akanong'ona. "Sema lolote! Mwombe lori!"

"Ameshachelewa," akasema Bibi, macho yake kwenye kamba iliyokuwa mapajani mwake. "Na neno lililotoka mbele ya bakuli halirudi."

Bwana Kaminieli alikuwa na kifuu mkononi. Akautazama mguu wa Vereniki, ule wenye kiatu changu. Akautazama wangu, mtupu, na dole gumba lake la biringanya. Akanywa mpaka tone la mwisho, akakishusha kifuu taratibu.

Hapo ndipo watu hupiga makofi matatu.

Hakuna aliyepiga.